Nani Analala Hapa?

Mtathmini wa bima alifika saa nne asubuhi, viatu vyeusi vimeng'arishwa mpaka unaweza kujitazama. Swali lake la kwanza halikuwa la bati, wala kuta, wala umeme. Alisimama barazani, akalitazama ziwa kidogo, akanigeukia: "Dada, nani analala hapa?"

Nikamwambia Babu analala. Babu ni mlinzi wetu. Ana jina lake, ila hakuna mtu wa familia anayelitumia.

"Kwenye hii nyumba?"

"Hapana. Kile kibanda pale getini."

Akaandika. Sikuona alichoandika. Nilikuja kukiona wiki mbili baadaye kwenye karatasi ya bei, kikiwa kimeshageuka pesa.

Nyumba yenyewe iko Kayenze. Ukitoka Mwanza mjini unapita uwanja wa ndege, unapita Igombe, unaendelea na barabara mpaka uanze kunusa dagaa wanaoanikwa. Baba aliijenga mwaka 1987, kidogo kidogo kama walivyojenga watumishi wote wa enzi zile: mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, bati likipatikana. Vyumba vitatu, sebule, baraza inayotazama maji, na pembeni msonge wa nyasi ambao ndiyo sebule yetu ya kweli, maana hakuna anayekubali kula sato wa kukaanga ndani ya nyumba wakati upepo uko nje. Baba alipofariki hatukuuza. Tunakwenda Desemba, tunakwenda Juni shule zikifungwa. Ukijumlisha siku zote tunazokaa pale kwa mwaka hazizidi arobaini. Siku zilizobaki nyumba imefungwa, mapazia yameshushwa, Babu na mbwa wake wawili wako getini.

Mimi ndiye mweka hazina wa familia. Hakuna aliyenichagua. Niliwahi tu kuuliza kwenye kundi letu la WhatsApp nani amelipia umeme, na tangu siku hiyo kazi ikawa yangu. Naishi Dodoma, kaka yangu yuko Dar, mdogo wangu mmoja Arusha, mwingine Marekani. Hakuna hata mmoja anayeweza kusikia dirisha la Kayenze likivunjwa.

Na lilivunjwa. Mwaka 2021, kati ya Agosti na Oktoba, siku hasa hatuijui. Babu wa wakati ule (tulikuwa na mwingine) alikuwa amekwenda msibani kwao, akakaa. Walichukua paneli mbili za sola, betri, pampu ya maji, godoro moja, na kwa sababu ambayo mpaka leo inanishangaza, sufuria zote wakaacha vifuniko. Tulikuwa na bima. Niliijaza fomu ya madai kwa furaha ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza anakwenda kula alichopanda. Kampuni, ambayo sitaitaja, ilijibu kwa barua ya ukurasa mmoja: kwa mujibu wa kifungu fulani, nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku thelathini mfululizo bila kampuni kujulishwa, kinga ya wizi inasimama. Nikautoa mkataba kwenye bahasha. Kifungu kilikuwepo, ukurasa wa tisa. Nilikuwa nimesaini chini yake.

Nilikasirika, halafu nikaona aibu, halafu nikakasirika tena, maana yule wakala aliyetuuzia alikuwa anajua fika kwamba tunaishi mbali. Tulikunywa naye soda tukizungumzia foleni za Dar. Wakati ule sikujua kwamba kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambako mteja aliyekwama na kampuni yake anaweza kupeleka lalamiko bila kwenda mahakamani. Sidhani kama ningeshinda, kwa kuwa kifungu kilikuwa wazi. Ila ningependa kumsikia wakala akiulizwa swali moja mbele ya mtu wa tatu.

Kwetu bima tunaijua kwa upande wa gari. Kuna bima ndogo, ambayo unakata ili trafiki asikusumbue, na kuna bima kubwa, ambayo unakata kama gari ni la mkopo. Nyumba hakuna trafiki anayeisimamisha. Ndiyo maana kaka yangu, msomi na mtu mwenye busara katika mambo mengine yote, bado anasema kukatia bima nyumba ya likizo ni kutupa hela ziwani ukisubiri zielee. Sikumlaumu. Tulishazitupa mara moja.

Lakini mwaka jana upepo wa masika uling'oa bati nne upande wa jikoni, mvua ikashinda ndani siku tatu kabla Babu hajapata fundi, na dari ikaanguka juu ya kabati la Mama la vyombo. Nikasema safari hii tunakata tena, na nitasoma kila ukurasa, hata ule wa maandishi ya sisimizi.

Nilichokielewa baada ya kuzungukia kampuni tatu na benki moja (siku hizi benki nazo zinauza bima, unaweza kutoka na akaunti na mkataba wa moto siku hiyo hiyo) ni kwamba sisi tulidhani tunanunua kinga ya nyumba, kumbe wao wanapima kutokuwepo kwetu. Kuta ni zile zile za jirani anayeishi pale mwaka mzima. Ila kwa jirani bomba likipasuka asubuhi, mchana limefungwa. Kwetu linaweza kumwaga mpaka Desemba. Kwa jirani waya ukiungua atanusa. Kwetu atakayenusa ni mbwa.

Shemeji yangu wa Marekani, mume wa mdogo wangu, alicheka nilipomweleza. Kwao Michigan watu wengi wana nyumba za namna hii kando ya maziwa yao makubwa. Wanazifunga baridi likianza, wanamwaga maji yote kwenye mabomba yasije yakaganda na kupasua kuta, wanarudi majira ya joto. Akaniambia kule bima ya kawaida ya nyumba haigusi mafuriko kabisa. Mafuriko watu wengi wanayanunua peke yake kwenye mpango wa serikali yao ulioanzishwa mwaka 1968, na ukomo wa fidia ya jengo la familia ni dola 250,000. Na mwenye nyumba isiyo makazi yake makuu anaongezewa tozo ya dola 250 kila mwaka, wakati anayeishi nyumbani kwake siku zote anatozwa 25. Nilipozisikia hizo namba mbili nilimwambia asante shemeji, sasa naona hatuonewi peke yetu.

Tofauti ni kwamba maziwa yao yanaganda. Letu halina likizo.

Watu wa mbali wanadhani ziwa ni kama dimbwi kubwa, limekaa tu. Ziwa Victoria lina karibu kilomita za mraba 68,800 na kina cha wastani wa mita 40 tu. Sehemu kubwa ya maji yake haitoki mitoni bali inatoka juu, mvua inayoanguka moja kwa moja ziwani, na mlango wa kutokea ni mmoja, Nile, kule Jinja. Kwa hiyo mvua ikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, maji hayana haraka ya kuondoka. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 2006 lilishuka mpaka wavuvi wakawa wanaburuta mitumbwi kwenye tope, na sisi tukapata ufukwe ambao Baba hakuwahi kuumiliki. Tukacheza mpira pale. Mwaka 2020 likarudi juu kabisa, likachukua ule uwanja wetu wa mpira, likachukua migomba ya jirani, likasimama kwenye shina la mwembe.

Mwembe huo ndio kipimo chetu. Baba alifunga kamba ya nailoni, ile ya nyavu za sangara, kwenye shina, yenye mafundo kila baada ya shubiri moja, kutoka chini kwenda juu. Mei mwaka 2020 maji yalifika fundo la tano. Kati ya mwembe na ngazi ya baraza kuna hatua zangu kumi na tisa, na ardhi inapanda taratibu. Nilipomwonyesha mtathmini ile kamba alichuchumaa, akaishika fundo moja moja kama mtu anayesoma rozari, akapiga picha nne. Naamini ile kamba ilimshawishi kuliko hati yetu.

Kisha akatoa futi yake ndefu na kuniomba nishike upande mmoja. Kutoka baraza mpaka ukingo wa maji: mita 38. Akasema "hmm" kwa namna ambayo daktari akisema unaanza kuwaza wosia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari au ziwa. Nyumba yetu ni ya 1987, na nilimwambia hivyo kwa sauti iliyonyooka zaidi ya nilivyojisikia. Akanijibu kwa upole kwamba hakuja kubomoa, dada, amekuja kupima. Akapiga hatua kurudi nyuma ili apige picha ya mbele ya nyumba, na kiatu kimoja kikazama kwenye tope mpaka kwenye kamba zake za kufungia. Babu akaleta maji ya ndoo na gunzi la hindi la kusugulia. Hatukucheka mpaka alipoondoka.

Katika kampuni tatu, moja iligoma kabisa kubeba mafuriko kwa sababu ya zile mita. Nyingine ilikubali, lakini soma vizuri: inalipa maji yanayokuja kwa ghafla, ya mvua kubwa au dhoruba. Ziwa linalopanda polepole, sentimita mbili wiki hii, tatu wiki ijayo, mpaka liingie sebuleni kama mgeni aliyebisha hodi miezi sita, hilo si mafuriko kwenye mkataba wao. Ufukwe kumong'onyoka, hapana. Gati la mbao, hapana. Uzio uliosombwa, hapana. Mtumbwi una bima yake, tena mlango mwingine. Kwa maneno mengine, jambo ambalo mtu wa Kayenze anaogopa kuliko yote ndilo ambalo karatasi imeliruka.

Radi wanaibeba bila maneno, na hapo nawapa heshima yao, kwa sababu radi za huku si mchezo. Usiku upepo wa nchi kavu unatoka pande zote kuelekea ziwani, unakutana katikati juu ya maji yenye joto, na mawingu yanasimama. Ukikaa barazani saa saba usiku mwezi wa Aprili unaona upande wa Ukerewe unawaka na kuzimika bila sauti, na karabai za wavuvi wa dagaa chini yake, huwezi kujua kipi kiko mbinguni. Mtathmini aliuliza kama tuna kinga radi. Tulikuwa nayo. Waya wake wa kopa uliondoka mwaka ule ule wa 2021, naamini uko kwenye chuma chakavu cha mtu. Akaandika.

Sasa bei. Naziweka hapa kwa sababu kila nilipotafuta mtu wa kuniambia alilipa ngapi, nilikuta watu wanazungumza kwa mafumbo. Hizi ni zetu, za nyumba yetu, kwako zinaweza kuwa nyingine kabisa.

Mtathmini alisema kuijenga upya nyumba ile leo, na bati la msauzi, ni shilingi milioni 85. Angalia vizuri: kuijenga upya, siyo kuiuza. Ardhi haiungui, kwa hiyo haiingii. Vitu vya ndani tukaviweka milioni 9. Bima ya moto na radi peke yake, kwa asilimia 0.2, ilikuwa 170,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 200,600. Ile pana yenye dhoruba, mafuriko ya ghafla, tetemeko na wizi wa kuvunja: nyumba 297,500, vitu 90,000, jumla 387,500. Halafu ukaja mstari mmoja mdogo, "nyongeza ya jengo lisilokaliwa, asilimia 20", ikawa 465,000. Na VAT, 548,700. Hapo ndipo nilipolikuta jibu langu kuhusu nani analala hapa.

Tetemeko nililiacha ndani bila ubishi. Septemba 10, 2016 nilikuwa Bukoba kikazi. Sina la kuongeza.

Msonge wa nyasi walitupangia peke yake. Thamani yake milioni 12, ada asilimia 1.5, ukiongeza VAT inafika 212,400. Yaani paa la nyasi linadaiwa moto wake kwa bei iliyozidi ya nyumba nzima ya matofali. Mtu wa benki akanieleza kwa uvumilivu: jiko la mkaa liko chini yake, mnachoma samaki pale pale, gari la zimamoto linatoka mjini. Nikajaribu kubisha nikakosa pa kushika. Msonge tumeuacha nje ya bima. Ukiungua tutakata nyasi nyingine, kama alivyofanya Baba mara mbili.

Kaka yangu akaja na ujanja ambao nadhani kila familia ina mtu wake wa kuuleta: tuandike nyumba ni ya milioni 50, ada ishuke, nani atajua? Nilimpigia simu badala ya kuandika, maana haya mambo kwenye kundi yanazua ugomvi. Nikamwambia, kaka, chukua kalamu. Nyumba ya 85 umeikatia bima ya 50. Upepo umeharibu paa, hasara milioni 17. Utalipwa 17? Hapana. Watasema wewe mwenyewe ulikubali kubeba sehemu iliyobaki, kwa hiyo wanalipa hamsini juu ya themanini na tano ya hasara, yaani milioni 10. Hapo bado hawajakata asilimia 10 ambayo kwenye mkataba wetu mteja anabeba mwenyewe katika kila dai. Unabaki na 9. Ungeandika 85 ungebaki na 15.3. Umeokoa laki moja na kitu kwenye ada, umepoteza milioni 6.3 kwenye fidia. Akanyamaza. Halafu akasema, "Haya mambo mtu angetuambia zamani." Nikamwambia yako ukurasa wa sita.

Tukafika kwenye lile la nyongeza. Kampuni ilisema mtu akilala ndani ya nyumba yenyewe, siyo getini, usiku wote wa mwaka, inaiondoa ile asilimia 20. Ada inarudi 457,250. Tunaokoa 91,450. Zaidi ya hapo, saa ya siku thelathini haianzi kuhesabu, na hilo ndilo lililokuwa limetuponza.

Nikamwendea Babu. Huwezi kumwambia mzee wa miaka sitini na kitu kuanzia leo hamia chumba cha nyuma kwa sababu ya karatasi. Nikamwamkia, tukakaa kwenye mawe, tukaongea mahindi, tukaongea dagaa walivyopungua, ndipo nikafika. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hao wa bima wananilipa mimi nilale?"

"Sisi ndio tunakulipa, Babu. Wao wanatupunguzia."

"Wanawapunguzia ngapi?"

Nikamtajia. Akafikiri. Akasema kulala kwenye nyumba ya marehemu si sawa na kulala getini, nyumba ile usiku inagonga gonga, na kibanda chake kina joto. Tukakubaliana elfu ishirini zaidi kwa mwezi. Kwa mwaka ni 240,000. Ndiyo, najua hesabu: tunaokoa tisini na moja elfu kwa kutumia laki mbili na arobaini. Mdogo wangu wa Arusha aliipiga kwenye kundi kabla sijamaliza kuandika ujumbe, akaweka na vile vikatuni vya kucheka. Lakini nyumba yenye mtu ndani ndiyo nyumba ambayo bati likipeperuka saa nane usiku, saa nane na nusu kuna turubai juu yake. Hilo hakuna kampuni inayoliuza.

Nililipa mwezi wa tisa, yote mara moja, kwa kuwa kinga haianzi mpaka pesa iingie. Nilipopewa namba ya mkataba niliihakiki kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwa simu, nikiwa bado nimekaa kwenye kiti cha wakala. Alinitazama kama nimemtukana. Tulichangia wote wanne, na wa kwanza kutuma alikuwa kaka yangu.

Nikamnunulia Babu daftari la shule, lile la kurasa arobaini na nane. Nilimwomba aandike kila usiku aliolala ndani, ili siku ya dai nisiwe na maneno matupu. Nilitegemea ataweka alama ya tiki tu. Mwezi uliopita alinitumia picha za kurasa mbili kupitia simu ya mjukuu wake, mwandiko umelala upande kama nyasi za ufukweni.

"Tarehe 11. Nimelala. Upepo kidogo. Bati hazijambo.

"Tarehe 12. Nimelala. Kiboko alikula majani ya mbele, mbwa hawakubweka, wamemzoea.

"Tarehe 13. Nimelala ila nimeamka mara nyingi. Nyumba inagonga. Ni tawi la mwembe, nimelikata.

"Tarehe 14. Nimelala. Maji yako fundo la pili."